Taji Lililokatwa Dirishani

Mimi ni mtu asiyeweza kuacha kitu kitulie. Chungu kikiwa motoni nitakifunua mara kumi kabla maharagwe hayajaiva, na mama alizoea kusema kwamba ningekuwa kuku nisingeangua hata yai moja. Kwa hiyo mmea ule na mimi hatukufaana tangu mwanzo. Ni mmea unaotaka kusahauliwa. Ukiumwagilia maji kila unapopita mbele yake unaoza kimyakimya kwenye shina huku juu bado unachanua, na siku unapougusa unaanguka wote mkononi.

Niliupata Beni kwa masista, ambao sisi huko kwetu tunawaita masere. Nilisoma kwao bwenini miaka miwili, mpaka vita vilipofunga shule. Sebuleni, pale walipopokea wageni, kulikuwa na chungu chenye mmea ulionifika kifuani: shina la kijivu, miiba mirefu pande zote, majani machache juu kabisa, na maua mekundu madogo ambayo hayakukatika mwaka mzima. Nje, kwenye joto la Beni, walikuwa wamepanda mingine mingi kuzunguka sanamu ya Bikira Maria, na hakuna mbuzi aliyethubutu kuisogelea. Masere mmoja mzee, mzaliwa wa Lubero, ndiye aliyeitunza. Aliuita mmea huo taji la Yesu.

Aliniona nikiuzungukia kila Jumapili, akanifundisha. Tawi hukatwa kwa kisu safi, ncha yake huchovywa majini ili maziwa yaache kutoka, kisha hulazwa juu ya kabati wiki nzima, bila udongo wala maji, mpaka kidonda kikauke. Ndipo hupandwa, kwenye udongo wenye mchanga na vipande vya makaa. Maji hupewa pale tu unapochomeka kidole mpaka kiungo cha pili nacho kikatoka kikavu. Wiki ile ya kungoja ilinitesa. Nilipanda juu ya kiti asubuhi na jioni kuyaangalia matawi yangu mawili, kana kwamba yangekimbia.

Siku aliponikatia, masere aliosha mikono kwa sabuni mara mbili, halafu akanishika kidevu ili nimtazame.

"Sikia, mwana. Maziwa ya hii kitu hapana ya kucheza nayo. Ikiingia mu macho, utakaa kipofu. Siku tatu, siku kumi, Mungu njo anajua. Umesikia?"

"Nimesikia, masere."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilisikia vizuri sana. Nayasema haya mapema kwa sababu kaka yangu alipofushwa na maziwa hayo, na katika watu wote waliokuwapo siku ile, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeambiwa.

Vita vya kwanza vilitupitia tu vikielekea Kinshasa. Vya pili vilikuja vikakaa. Shule ilipofungwa nilipanda pikapu kurudi Butembo, matawi yangu yamefungwa kwenye gazeti. Butembo iko juu, kuna baridi na ukungu, na mvua yetu haina adabu. Mmea wa Beni ukiuacha nje unanyong'onyea. Ikabidi uishi nasi ndani ya nyumba, kwenye makopo ya mafuta ya kula niliyoyatoboa chini kwa msumari, dirishani upande wa jua la asubuhi.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, kaka yangu na mimi. Baba alifariki kabla ya vita akatuachia cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na kaka, aliyenizidi miaka minane, alishonea barazani kwa muuza vitambaa karibu na soko. Mama alilima shamba letu bondeni mpaka askari walipopiga kambi huko. Baada ya hapo tulikula kwa sindano ya kaka, basi. Macho yake yangekosekana wiki moja, sufuria ingelala.

Na mimi? Sikuwa na shule, sikuwa na shamba. Kila siku ilikuja na uvumi wake: wanakuja, hawaji, wamefika Kanyabayonga, wamerudi nyuma. Nilifunga vitu vyetu kwenye kitenge, nikavifungua, nikavifunga tena. Nilifagia palipofagiwa. Na niliusumbua ule mmea. Nilihamisha makopo kutoka dirisha hili kwenda lile, niliyageuza, nilichokonoa udongo nione kama mizizi imeshika. Tawi la kwanza lilioza hivyo. La pili nililiokoa kwa kumpa mama ruhusa ya kunifukuza dirishani, naye aliitumia ruhusa hiyo kwa mwiko.

Basi likashika. Baada ya mwaka lilikuwa mmea wa matawi sita, baada ya miwili ulifika kwenye kioo cha juu, na maua hayakukoma. Nilijivuna mno. Mji mzima ulikuwa ukipoteza vitu, na mimi nilikuwa na kitu kinachoongezeka. Nilitamani mtu yeyote aingie, aulize ni nini kile, nimweleze habari za mchanga na makaa. Lakini nyakati zile watu hawakuingia nyumba za watu kuuliza habari za maua.

Kaka hata hakutaka kusikia. "Ua gani hii?" alisema kila jioni akivua viatu. "Hapana ya kukula, hapana kunukia, inachoma tu. Ingekuwa sombe, tungekuwa tumeipika." Siku moja nilimpelekea chakula barazani, akanisema mbele ya wateja wawili: "Huyu dada yangu hana mutoto, iko na kopo. Anailinda kuliko anatulinda siye!" Wakacheka. Kaka alikuwa na mdomo mtamu wa utani na watu wote walimpenda kwa huo. Mimi nilicheka nao, kisha nikarudi nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Ni jambo dogo. Naliandika kwa sababu nimetafuta jingine kubwa zaidi la kueleza nilichofanya baadaye, na sijalipata.

Parokiani kwetu vijana waliigiza Njia ya Msalaba kila Ijumaa Kuu. Haikufanyika kanisani, ilipita barabarani, ikashuka kilima hiki na kupanda kile, vituo vyote kumi na vinne. Mwaka ule kaka alichaguliwa kuwa Yesu. Alikuwa mrefu, ndevu zilimtosha, na zaidi ya yote angewashonea wengine kanzu. Taji, miaka yote, lilitengenezwa kwa miiba ya uzio iliyokatwa bondeni mwanzo wa Kwaresima na kuachwa ikauke. Lakini bondeni sasa palikuwa na kambi, na waliokwenda kukata miiba walirudishwa mbio kwa risasi mbili za hewani. Mpaka Jumatano Kuu, Yesu hakuwa na taji.

Jumatano hiyo katekista alikuja kwetu kuangalia kanzu. Akaketi, akapewa chai, akainua macho dirishani.

"Eh! Mais hii njo taji yenyewe!" alisema, kikombe mkononi. "Muangalie, damu iko tayari juu yake. Mama, Bwana alituchungia hii kitu mu nyumba yako."

Mama alikubali kabla hajamaliza kusema. Kaka akasimama akausogelea mmea, na kwa mara ya kwanza niliona akiutazama vile alivyotazama kitambaa kizuri, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Kumbe iko na kazi," alisema. Akanigeukia. "Utatupatia, mudogo yangu?"

Maneno ya masere yalinijia yote, pamoja na vidole vyake kidevuni. Sentensi moja ingetosha. Badala yake nikasema, "Tukate leo, ikauke kwanza," na katekista akakataa: maua yangenyauka, yeye alitaka yawe mabichi. "Basi Ijumaa asubuhi," nikasema. Sikusema kwa nini nilitaka yakauke. Ningesema, wangeuacha mmea wangu dirishani na kwenda kutafuta waya, na hakuna ambaye angejua kamwe kwamba ulikuwa na thamani yoyote. Nilitaka mji mzima uutazame. Nilitaka kaka apite katikati ya watu wote akiwa amebeba kichwani kitu alichokicheka. Sikutaka aumie. Nilitaka avae.

Ijumaa asubuhi nilikata matawi matano nikabakiza moja. Nilizichovya ncha majini, nikazipaka majivu, nikajiambia yametosha. Lakini matawi yale ni magumu. Kaka alipoyakunja kufanya duara, ngozi ilipasuka huku na huku na kila mpasuko ulitoa tone jeupe. Alilifuta kwa kitambaa chakavu na kuendelea. "Inalia hii kitu," alisema, akacheka. Aliyafunga kwa uzi wa makoti, kwa ustadi wake wote, na alipomaliza nilimmwagia maji nikamwambia anawe kwa sabuni. Alinawa. Hakuniuliza kwa nini.

Tuliondoka mchana. Nadhani nusu ya Butembo ilikuwa barabarani, maana watu walikuwa wamechoka kufungiwa na woga majumbani, na hata askari waliokuwa wakirandaranda mjini walisimama pembeni wakavua kofia. Nilitembea karibu na mbele nikisikiliza. "Ile taji imetoka wapi?" "Tazama maua!" Mwanamke mmoja alijipiga ishara ya msalaba kwa sababu ya mmea wangu. Nilijaa furaha hadi nikaona aibu.

Kwenye kituo cha tano manyunyu yalianza. Watu wakanong'ona kwamba Ijumaa Kuu haiachi kulia, kama wanavyosema kila mwaka. Kaka alikuwa ametoka jasho kwa kubeba ule msalaba, sasa maji yalishuka kutoka kwenye nywele, yakapita kwenye taji, yakaingia usoni. Niliona michirizi myeupe kwenye paji lake, myembamba, ikichanganyika na damu kidogo ya miiba. Kwenye kituo cha saba, anapoanguka mara ya pili, alianza kupepesa macho. Alijifuta kwa mkono wa kanzu, ikawa mbaya zaidi. Machozi yalimtoka kama maji, na watu wakalia naye.

"Huyu anajua kuigiza," mtu alisema nyuma yangu.

Nilijua pale. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake na sikwenda. Nilijiambia kituo kinachofuata. Nilijiambia labda ni jasho tu. Kwenye kituo cha tisa aliukosa mtaro kwa upana wa kiganja. Kwenye cha kumi, wanapomvua nguo, alinyoosha mikono mbele kama mtu anayetafuta mlango, na mimi nikaanza kusukuma watu. Wanawake wa kikundi cha mama wakanikamata wakidhani uchungu wa Bwana umenipanda kichwani. "Mwachie Bwana, mwali, mwachie Bwana," waliniambia, wakinishika mabega kwa upendo. Walipokuja kuniachia kaka alikuwa ameshafungwa msalabani, macho amefumba, uso umevimba, na waimbaji walikuwa wakiimba vizuri kuliko miaka yote.

Walipomshusha hakuweza kufungua macho. Alisema kwa sauti ya chini, kwa heshima ya Ijumaa, "Inaungua. Munisaidie, inaungua." Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alipiga magoti matopeni akamkamulia maziwa ya kifua machoni, kama tunavyowafanyia watoto, na watu wakafunga duara kumstiri. Wengine walisema ni ishara. Mmoja alisema Yesu amemgusa. Mimi nilikuwa nikimmwagia maji usoni kutoka kwenye bidoni ya mtu, na mama yangu aliuliza kila aliyepita, "Ni nini imemupata? Mutoto yangu ni nini imemupata?" Mama aliniuliza na mimi. Nikasema sijui.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimwosha muda mrefu kwa chupa za maji ya chumvi, akamfunga kitambaa cheupe machoni. Aliuliza miiba ilikuwa ya mmea gani, na kama una maziwa. Nikasema ndiyo, una maziwa. Alitikisa kichwa. Huko Butembo hapakuwa na wa kutibu macho. Twende Beni kesho yake, tena tuchukue tawi ili waone ni kitu gani. "Atashona?" mama aliuliza. Muuguzi alisema waseme wa Beni. Usiku ule sikulala, nilikuwa nikiinuka na kuketi, na kila nilipoinuka kaka aliuliza kutoka kitandani kwake, "Kumekucha?"

Jumamosi mama alibaki kulinda cherehani, ambayo kaka alikuwa ameirudisha nyumbani kwa sikukuu, maana nyumba iliyoachwa wazi ilikuwa haifiki jioni. Nilikata kipande cha tawi lililobaki, nikakifunga kwenye gazeti, nikamwongoza kaka mpaka kwenye pikapu ya viazi. Alikaa juu ya gunia akinishika kifundo cha mkono. Kila tundu la barabara alinibana zaidi. Hata hivyo alitania. "Nikikosa macho," alisema, "nitakuwa mu chorale. Vipofu njo banaimba." Watu wa kwenye pikapu walicheka. Mimi nilitazama vilima nikaomba gari liende haraka, kisha nikaomba lisifike.

Nusu ya njia kulikuwa na kizuizi cha askari: kamba, mapipa mawili, na kibanda cha majani. Walitushusha wote. Aliyekuwa mkubwa wao, kijana mwenye miwani ya jua iliyopasuka, alimwona kaka na kitambaa chake.

"Oyo nani?" aliuliza kwa Kilingala chao, halafu akarudi kwenye Kiswahili. "Huyu ni nani? Fungua hiyo kitambaa."

Nilikifungua. Macho yalikuwa mafundo mawili mekundu. Lakini askari hakutazama macho. Alikuwa akitazama paji la uso, na nilipofuata kidole chake nikaona alichokiona. Miiba ilikuwa imeacha safu ya vidonda vidogo kuzunguka kichwa chote. Wakati ule wapiganaji wa porini walichanjwa chale ndogo kichwani na kupakwa dawa ili risasi ziwapite, na kila mtu alijua kwamba askari kwenye vizuizi huwavua vijana kofia wawatafute chale hizo. Kila mtu alijua pia wakizikuta nini hufuata. Abiria wenzetu walianza kusogea mbali nasi, polepole, bila kutuangalia.

"Ulichanjiwa mu pori gani?" askari alimwuliza kaka.

"Shefu, ni miba," nikadakia. "Jana alikuwa Yesu. Mu Njia ya Musalaba."

"Yesu hakukuwa kipofu. Nilisoma katekisimu, miye."

"Ni maziwa ya ua, shefu. Ua ya mu nyumba. Ikiingia mu macho inapofusha."

Aliwageukia wenzake akawatafsiria, wakacheka. Nilitoa tawi kwenye gazeti, nikamwonyesha maua. Alilishika kwa vidole viwili, akalinusa. Hakuwa mjinga. Ningekuwa na raha zaidi kama angekuwa mjinga.

"Na weye ulijua je kama inapofusha?"

"Masere wa Beni aliniambia."

"Lini?"

"Zamani, shefu. Miaka tatu sasa."

"Donc ulijua." Alivua miwani. "Ulijua, na ukamuvalisha ndugu yako mu kichwa. Dada gani anafanya vile? Unabeya, unadanganya. Huyu ni mutu ya pori, na weye ni muke yake."

Wawili walikuwa wameshamshika kaka mikono. Hakupinga, alikuwa amesimama wima sana, kama anavyosimama mtu asiyeona, na kichwa chake kilikuwa kinatafuta sauti yangu. Ningesema sikujua, ningekuwa mwongo mbele ya askari na wangempeleka nyuma ya kibanda. Ukweli peke yake ndio uliokuwa na mantiki, na ulikuwa ukweli ambao sikuwa nimemwambia mama, wala kaka, wala padri.

"Nilijua," nikasema. "Tangu Jumatano nilijua. Nilinyamaza juu nilitaka batu baone maua yangu."

Hakuna aliyecheka. Kichwa cha kaka kiliacha kutafuta. Kilikuwa kimenipata, kikakaa hapo.

Askari alinirudishia tawi. "Jiweke na weye, basi. Tuone."

Sitaki kujifanya shujaa. Nilikuwa na hofu ya kujikojolea. Lakini tangu Ijumaa nilikuwa kama mtu mwenye siafu ndani ya nguo, sikai, sisimami, silali, na nilipovunja lile tawi nikaona tone linavimba pale lilipovunjika, niliona afadhali. Nililichukua kwa ncha ya kidole nikalipaka jicho la kushoto. Kwa pumzi moja hakikutokea kitu. Halafu moto uliingia, nikaanguka chini nikapiga kelele ambazo nadhani hakuna aliyeweza kuziigiza, na nikiwa pale vumbini nilimsikia yule askari akisema, si kwa ukali tena, "Mumupe maji. Mumupe maji, mama yangu! Muende. Muende zenu!"

Abiria walitupandisha wote wawili. Mtu alinimwagia maji ya kunywa jichoni mpaka chupa ikaisha. Gari lilipoondoka nilimpa kaka mkono wangu ili ajishike kama mwanzo. Aliugusa, akajua ni wa nani, akauacha. Alipapasa mpaka akapata chuma cha pikapu, akashika hicho hadi Beni.

Hospitali tulikaa siku tisa. Yeye alikuwa wodi ya wanaume, mimi nililala nje kwenye banda la walinzi wa wagonjwa pamoja na wanawake wengine waliokuja kupikia ndugu zao. Jicho langu lilitibiwa asubuhi kwenye foleni, na siku ya nne nililifungua likaona. Lake halikufunguka. Wala la pili. Nilimpikia bugali na maharagwe, nikamwekea kijiko mkononi. Alikula, alisema "wasingya", asante ya kwetu, kama anavyomwambia mpishi asiyemjua. Nilijaribu kuomba msamaha siku ya tatu, aligeukia ukutani. Siku ya tano nilijaribu tena, akamwomba mgonjwa wa kitanda cha pili amweleze kama mvua inanyesha. Tulisikia milio ya mbali upande wa Eringeti, wanawake wa bandani walikusanya vyombo, na mimi nilitembea kutoka banda hadi wodi, wodi hadi banda, hata mlinzi wa lango akaniuliza kama nina minyoo. Kutoka pale langoni ukuta wa masere ulionekana. Sikwenda kuwasalimu.

Asubuhi ya tisa muuguzi wa macho alisema leo tutaacha kitambaa. Nilisimama mlangoni, nikaogopa kuingia. Alifungua polepole, akafuta, akamwambia angoje, akamwambia afungue. Kaka alifungua. Alitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma, akiinyoosha vidole. Halafu akashika upindo wa shuka akausogeza karibu, akaufuata kwa kidole gumba, mshono kwa mshono, na nilipoona anausoma ule mshono nilijua atashona tena.

"Hii ni ngapi?" aliuliza muuguzi, akiinua vidole.

"Mbili."

"Na sasa?"

"Ine."

"Bien. Na kule mu dirisha, unaona nini?"

"Mama moja na mwavuli. Inatoboka."

Muuguzi aliridhika. Aligeuka akaninyooshea mimi kalamu yake. "Na ule, kwenye mulango? Ni nani ule?"

Kaka alinitazama. Alinitazama muda mrefu, kwa macho yale mekundu yaliyokuwa yakitoa machozi kwa sababu ya mwanga, kuanzia miguuni hadi kichwani, bila kuruka kitu.

"Ule," alisema, "ni ule alijua."

"Alijua nini?" aliuliza muuguzi.

Kaka alirudi kwenye upindo wa shuka. Muuguzi aliandika kwenye karatasi yake kwamba macho yote mawili yanaona, akaenda kitanda cha pili.